Makato ya kodi ya wapishi (Australia)

Makato ya kodi ya wapishi ni gharama za kikazi ambazo mpishi aliyeajiriwa nchini Australia huruhusiwa kuziondoa kwenye mapato yake kabla ya kodi kukokotolewa. Msingi wake ni kifungu cha 8-1 cha Sheria ya Ukadiriaji wa Kodi ya Mapato ya 1997, na ufafanuzi kwa wafanyakazi wa hoteli na mikahawa umo katika waraka TR 95/11 wa Ofisi ya Kodi ya Australia (ATO). Mwaka wa kodi huisha 30 Juni. Anayejaza ritani mwenyewe huiwasilisha kufikia 31 Oktoba.

Masharti

Mpishi awe amelipa kwa fedha zake bila kurudishiwa na mwajiri, gharama ihusiane moja kwa moja na kazi inayompa mshahara, na uwepo ushahidi. Jumla ya gharama za kazi isipozidi dola 300, risiti hazihitajiki, ingawa mdai lazima aweze kueleza hesabu yake na kuonyesha kuwa fedha zilitumika kweli. Kumbukumbu hutunzwa miaka 5.

Nguo

Hapa ndipo sheria inapochekesha. Suruali ya drafti nyeusi na nyeupe inakubalika, kwa kuwa anayeonekana nayo hudhaniwa mpishi mara moja. Suruali nyeusi ya kawaida haikubaliki, hata kama meneja ameiandika kwenye kanuni za jikoni na mpishi haivai kwingine kokote. Kinachotazamwa ni nguo yenyewe, wala si amri ya bosi. Aproni na viatu visivyoteleza hupita kwa mlango mwingine, ule wa nguo za kinga, maana jikoni kuna mafuta ya moto na sakafu yenye utelezi.

Gharama ya kufua nguo hizo nayo hudaiwa: dola 1 kwa kila mzigo wa mashine wenye nguo za kazi peke yake, senti 50 zikichanganywa na za nyumbani. Hadi dola 150 za ufuaji haziombewi ushahidi wa maandishi. Wapo wanaoijaza 150 hiyo kila mwaka kama zawadi ya serikali, sivyo ilivyokusudiwa.

Visu na zana

Wapishi wengi hununua visu vyao wenyewe, na vya kazi nzito si rahisi. Kisu cha dola 300 au chini ya hapo hukatwa chote katika mwaka wa ununuzi. Kikizidi, hukatwa kidogokidogo kwa hesabu ya uchakavu. Kununua seti ya dola 900 na kuigawa kwenye risiti kisu kimoja kimoja hakusaidii: seti huhesabiwa kuwa kitu kimoja. Vinoo na malipo ya mnoaji vimo. Kisu kinachokatia pia vitunguu vya nyumbani hudaiwa kwa sehemu ya kazi tu.

Anayelipwa posho ya zana huitaja kwanza kama mapato.

Makato si marejesho ya fedha yote. Kwa mwenye kipato kinachotozwa asilimia 30, pamoja na asilimia 2 ya tozo ya Medicare (mfumo wa afya ya umma), kisu cha dola 200 humpunguzia kodi dola 64.

Safari

Nauli ya kutoka nyumbani hadi jikoni ni ya mpishi mwenyewe, hata zamu ikiisha saa nane za usiku. Mahakama Kuu iliamua hivyo katika kesi ya Lunney mwaka 1958. Mwenye vibarua viwili, anayetoka mkahawa mmoja moja kwa moja hadi mwingine kwa gari lake, hudai senti 88 kwa kilomita (kiwango cha 2024–25), mwisho kilomita 5,000. Kesi ya Vogt ya 1975 iliruhusu safari za mwanamuziki aliyebeba vyombo vikubwa, lakini mkoba wa visu haufikii uzito huo.

Chakula

Mlo wa katikati ya zamu haudaiwi. Katika kesi ya Cooper ya 1991, mchezaji wa raga aliyeagizwa na kocha ale nyama na viazi zaidi asipungue uzito alishindwa: kula ni jambo la binafsi. Isipokuwa mlo wa saa za ziada, pale posho yake inapolipwa kwa mujibu wa mkataba wa sekta.

Masomo

Kozi inayoendeleza kazi ya sasa hukatwa. Mhudumu wa meza anayesomea upishi ili abadili kazi hakatiwi.

Hali ya sasa

Katika kampeni za Aprili 2025, chama cha Labor kiliahidi makato ya jumla ya dola 1,000 bila risiti kuanzia mwaka wa kodi 2026–27, huku mwenye gharama kubwa zaidi akibaki huru kudai kwa njia ya zamani.