Kipande hakikuisha, kilihamia kwa brauza

Wasee, afande akikuambia "toa kipande" pale stage, unajua anataka ID. Hilo neno tunalitumia kila siku, na wengi wetu hatujui lina zaidi ya miaka 100. Leo nataka tulifuate hadi ndani ya simu yako, kwa sababu kwa maoni yangu ile stori haikuisha 1963.

Serikali ya kikoloni ilipitisha sheria ya kuwasajili Waafrika mwaka wa 1915. Vita vya Kwanza vya Dunia vikaichelewesha, ikaanza kutekelezwa 1919 na 1920. Kila mwanamume Mwafrika wa miaka 16 na zaidi alilazimika kutembea na karatasi iliyoandikwa jina lake, kabila lake, waajiri wake na mshahara wake, pamoja na alama za vidole. Wengi waliibeba shingoni ndani ya kikebe cha chuma. Ukitoroka shamba la mzungu, ulisakwa kwa rekodi hiyo. Ukitaka kazi kwingine, mwajiri mpya alitaka kuona sahihi ya yule wa zamani kwamba amekuachilia.

Watu hawakunyamaza. Kipande kilikuwa kati ya malalamiko makubwa ya Harry Thuku na wenzake mwaka wa 1921. Machi 1922 Thuku akakamatwa. Tarehe 16 umati ukafika nje ya kituo cha polisi Nairobi kudai aachiliwe, Mary Muthoni Nyanjiru akiwa mstari wa mbele. Polisi wakafyatua risasi, na Nyanjiru akawa mmoja wa waliouawa.

Sasa angalia hicho kipande vizuri. Kilikuwa na vitu viwili. Kuna karatasi, ambayo mtu angeweza kuitupa. Halafu kuna alama za vidole, ambazo huwezi kuzitupa popote. Intaneti imepitia njia hiyo hiyo.

Karatasi ilikuja 1994. Lou Montulli, mhandisi wa Netscape, alikuwa na shida moja: tovuti hazikuwa na kumbukumbu. Ukihama ukurasa mmoja hadi mwingine, duka la mtandaoni lilikuwa halijui ni wewe yule yule. Akabuni kuki, yaani faili ndogo yenye namba ambayo tovuti inaiweka kwa brauza yako, na brauza inaionyesha kila ukirudi. Nia ilikuwa safi. Lakini kampuni za matangazo zikaona mwanya: tangazo langu likiwa kwenye tovuti elfu moja, kuki yangu moja inakufuata kote huko. Hicho ni kipande kabisa, ila hiki umevishwa bila kujua.

Habari njema ni kwamba kuki unaweza kuifuta. Ndiyo maana wakahamia kwa alama za vidole.

Januari 2010, shirika la EFF la Marekani lilifungua tovuti ya majaribio inayoitwa Panopticlick. Haikuuliza jina wala haikuhitaji kuki. Ilisoma tu vitu ambavyo brauza inavitoa yenyewe: ukubwa wa skrini, saa za eneo lako, lugha, aina za maandishi zilizomo kwa mashine, toleo la programu. Kila kimoja peke yake ni cha kawaida. Lakini vikijumlishwa? Kati ya brauza karibu 470,000 zilizopimwa, asilimia 83.6 hazikufanana na nyingine yoyote kwenye ule mkusanyiko. Miaka miwili baadaye watafiti wakaonyesha mbinu nyingine: tovuti inaiambia brauza ichore picha ndogo usiyoiona, na kwa kuwa mashine huchora kwa tofauti ndogo ndogo, mchoro wenyewe unakuwa alama.

Najua kuna mtu anasema, "Sawa, lakini jina langu hawana." Mwaka wa 2006 kampuni ya AOL ilitoa hadharani mambo ambayo watu kama 650,000 walikuwa wametafuta kwa miezi mitatu. Majina yaliondolewa, kila mtu akapewa namba. Ndani ya siku chache waandishi wa New York Times wakabisha mlango wa mama mmoja mzee wa jimbo la Georgia. Aliyatafuta mambo ya mtaa wake na watu wa jina la ukoo wake. Hayo yalitosha.

Basi fikiria unachotafuta saa nane usiku. Dalili za ugonjwa. Mimba. Deni. Na wengi wetu tunajiambia Incognito imetuficha. Incognito inafuta historia na kuki upande wako ukifunga, kwa hivyo inakuficha kwa ndugu yako anayeshika simu yako. Tovuti bado zinakuona. Google ilishtakiwa Marekani mwaka wa 2020 kwa sababu hiyo hiyo, na 2024 ikakubali kufuta mabilioni ya rekodi zilizokusanywa watu wakiwa humo.

Dawa ni ipi? Anza na sare za shule. Wanafunzi 800 wakivaa sweta moja, ni vigumu kumtambua mmoja kutoka mbali. Brauza ya Tor inafanya hivyo, inajaribu kuwafanya watumiaji wote waonekane sawa. Firefox tangu 2020 inazuia kampuni zinazojulikana kwa kuchukua alama hizi. Na hapa kuna mtego: ukijaza brauza yako madoido mengi ya ziada, unaweza kujitofautisha zaidi.

Pia tuna sheria. Sheria ya Ulinzi wa Data ya Kenya ya 2019 haihesabu jina na namba ya ID pekee kama vitu vya kumtambulisha mtu. Inataja pia vitambulisho vya mtandaoni. Maana yake, anayekufuata kwa alama ya brauza yako hawezi kujitetea eti hajui jina lako, na una haki ya kupeleka malalamiko kwa Kamishna wa Data.

Wazee wetu walijua wamevishwa kipande kwa sababu kiliwagonga kifuani kila walipotembea. Hiki chetu hakina uzito wala kelele, na hiyo ndiyo sababu mimi nakiogopa zaidi.