Nidhamu ya Mawasiliano ya Redio: Sheria, Ajali na Lugha

Nidhamu ya mawasiliano ya redio haikukua kwa njia moja miongoni mwa watumiaji wake. Kwa waendeshaji wa ridhaa nchini Marekani, ililetwa na sheria. Baada ya Titanic kuzama Aprili 1912, sheria ya mwaka huohuo iliwataka wawe na leseni na kuwabana kwenye mawimbi yasiyozidi mita 200.

Kwa marubani, kanuni zilikuwepo. Kilicholegea kilikuwa lugha. Tarehe 27 Machi 1977, uwanjani Los Rodeos, Tenerife, rubani wa KLM alitoa kauli tata. Mwongozaji aliielewa kuwa ndege iko tayari kuruka, kumbe ilikuwa imeanza kukimbia, akajibu "sawa". Maneno yake yaliyofuata yaligongana na onyo la ndege ya Pan Am, yakasikika kwa shida. Watu 583 walifariki. Baadaye neno la kuruka lilitengewa kibali chenyewe au kukifuta, na rubani akatakiwa kurudia kibali badala ya kuitikia tu.

Mabaharia nao walipata vifungu sanifu vya Kiingereza kupitia Shirika la Kimataifa la Bahari mwaka 2001.

Katika Ziwa Victoria, Kiswahili ni lugha ya wavuvi na mabaharia wengi. Mila yake hutanguliza salamu. Redio hudai hoja kwanza. Kwa hiyo, vifungu sanifu vya Kiswahili vya dharura vitungwe pamoja na watumiaji wenyewe, kabla ajali haijalazimisha.