Madereva wa Njia ya Zambia

Ewe msomaji, lori likikupita usiku barabarani, pengine huwaza habari za mtu aliyeshika usukani. Lakini zilikuwapo siku ambazo taifa zima lilimtegemea.

Tarehe 11 Novemba 1965 walowezi wa Rhodesia, nchi ambayo leo ni Zimbabwe, walijitangazia uhuru wao. Mwezi uliofuata mafuta yaliyokuwa yakifika Zambia kwa njia ya huko yakakatika. Zambia haina pwani, na pasipo mafuta migodi yake ya shaba ingesimama. Ndege zilichukua mapipa, lakini hazikutosha. Basi mzigo ukawaangukia madereva wa malori: kutoka Dar es Salaam, kupitia Morogoro, Iringa na Mbeya, hadi Tunduma mpakani, na mbele zaidi.

Sehemu kubwa ya njia ilikuwa ya udongo. Wakati wa kiangazi vumbi lilimziba dereva macho. Wakati wa mvua lori lilizama topeni, naye akalala papo hapo na utingo wake. Huko mbele watu walihesabu siku. Akikawia, mitambo ilikosa mafuta. Akiharakisha penye miteremko ya Iringa, aliweza kutumbukia bondeni. Wako waliokufa, na njia ikaitwa Njia ya Jehanamu. Wala hakurudi mtupu, bali alipakia shaba ya kupeleka bandarini.

Mwaka 1968 bomba la mafuta lilifika Ndola, na mwaka 1975 reli ya TAZARA ikakamilika. Usifuapo kazi hizo kubwa, wakumbuke pia walioishika zamu kabla yake.