Tuziite Ngano Chungu

Kurasa za kwanza za Jolies Ténèbres, kitabu cha picha kilichotoka kwa Kifaransa mwaka 2009, zina msichana mdogo anayeitwa Aurore. Amemkaribisha mwanamfalme wake, wanakunywa chokoleti ya moto, keki ziko mezani, na haya imewajaa wote wawili. Mara ute mwekundu unaanza kudondoka kutoka juu, nyumba inalegea, na watu hao wadogo wanakimbia kuokoa roho zao. Wanatokea msituni, mvua inanyesha. Hapo ndipo msomaji anapoona walikokuwa wakiishi: wametoka ndani ya mwili wa mtoto wa shule aliyelala amekufa kwenye majani.

Walioandika ni Fabien Vehlmann na Marie Pommepuy. Waliochora ni Pommepuy huyo huyo na mwenzake Sébastien Cosset, wanaotumia jina moja la Kerascoët. Aurore na wenzake wamechorwa kwa mistari michache, vichwa vikubwa, macho ya duara, kama wahusika wa vitabu vya chekechea. Msitu na maiti vimepakwa rangi ya maji kwa uangalifu wa mtu anayechora kitu halisi kilicho mbele yake. Mikono miwili tofauti, ukurasa mmoja. Kila mara jicho likizoea uzuri wa wale wadogo, linagongana na mkono wa yule mtoto, ambao unazidi kuoza kadiri kurasa zinavyosonga.

Mzazi akikikuta dukani ataona picha, vijitu vidogo, mwanamfalme na uyoga. Mwenye duka akikipanga pamoja na hadithi za watoto, mzazi huyo atakinunua akampelekee mwanawe wa miaka sita. Kwa hiyo suala la jina la vitabu vya namna hii si pambo la wapenda lugha. Linaamua kitabu kinakaa rafu gani na kinaishia mikononi mwa nani.

Na vitabu vyenyewe si vichache tena. Mwaka 2002 Mmarekani Bill Willingham alianzisha Fables, mfululizo ambamo Snow White, mbwa mwitu na wahusika wengine wa kale wamefukuzwa makwao na adui, sasa wanaishi kwa kujificha katikati ya jiji la New York. Ulifika toleo la 150 mwaka 2015. Mwaka 2014 Mkanada Emily Carroll alitoa Through the Woods, chenye hadithi tano, mojawapo ikiwa ndugu wa damu wa ile ya Bluebeard, bwana aliyewaua wake zake. Kwa Kiswahili hatujaafikiana tuziiteje kazi za namna hii. Nimesikia "hadithi za giza", "katuni za kutisha", "hadithi za watoto za watu wazima". Kila moja ina kasoro, na kasoro hizo zinafaa kuchunguzwa moja moja.

Nianze na hadithi yenyewe. Mwaka 1697 huko Ufaransa, Madame d'Aulnoy alichapisha mkusanyo alioutaja kuwa visa vya wale viumbe wenye uchawi, ambao leo huchorwa na mbawa na vijiti vya miujiza. Waingereza wakalitafsiri jina hilo, likaenea duniani, na kamusi zetu zikalipokea kwa kutupa neno kichimbakazi. Tukilifuata tutasema "hadithi za vichimbakazi". Lakini kichimbakazi yuko wapi katika kisa cha Hansel na Gretel? Yuko mchawi mla watoto. Kwa Snow White wako mbilikimo saba na mama mwenye wivu. Kwa yule binti wa kofia nyekundu yuko mbwa mwitu. Hata katika kisa cha binti aliyelala miaka mia, ndugu Grimm wa Ujerumani waliwaondoa vichimbakazi wa Kifaransa, na matoleo yao ya baadaye yana wanawake wenye hekima. Jina lile lilibandikwa juu ya mkusanyo mmoja likaachwa lifunike kila kitu.

Wajerumani wenyewe husema Märchen. Mzizi wake, Mär, ni habari, taarifa iliyoletwa na mtu. Kile kimalizio cha -chen ni cha kudunisha, kinafanya kazi ile ile ya ki- yetu katika kijiji na kitoto. Kwa hiyo Märchen ni kijihabari, jambo dogo lililosikika na kupitishwa. Hakuna mbawa humo wala kijiti cha miujiza. Hakuna hata ahadi kwamba mwisho utakuwa mwema.

Sisi tunalo neno ngano. Ni la zamani, wanalo pia Washona wa Zimbabwe kwa maana hiyo hiyo ya hadithi ya kusimuliwa, na walimu wa fasihi simulizi wanalitumia kama mwavuli wa hadithi za mazimwi, hekaya za wajanja kama sungura na visa vya usuli. Ngano haisemi ni ya nani. Msimulizi akitamka "Paukwa!" wanaoitika "Pakawa!" ni wakubwa kwa wadogo, na bibi hatoi watoto nje zimwi linapofika kwenye kumtafuna mtu. Wapo wanaolikwepa kwa kuwa ngano pia ni nafaka. Sioni tatizo: hakuna aliyewahi kusikia ngano na zimwi katika sentensi moja akadhani habari ni ya unga.

Kuhusu umbo la kitabu, sitakaa sana. Katuni na kibonzo ni maneno mazuri, ila yamelelewa na kicheko. Yamekuzwa na Juha Kalulu wa Edward Gitau katika gazeti la Taifa Leo, na Chakubanga wa Christian Gregory katika gazeti la Uhuru, na kurasa za jarida la Sani zilizokuwa zikigombaniwa. Mtu akikuambia "wewe ni katuni" hakusifii. Riwaya ya picha ni bora zaidi, na ina sababu ya ndani zaidi kuliko wengi wanavyodhani. Jina la Kiingereza la vitabu hivi lilibuniwa na Richard Kyle mwaka 1964, likapata umaarufu mwaka 1978 Will Eisner alipoliweka juu ya jalada la A Contract with God. Na kile kitabu hakikuwa riwaya hata kidogo, kilikuwa na hadithi nne za wapangaji wa jengo moja la Bronx. Wasomaji wa Kiingereza wamelaumiana juu ya hilo tangu hapo. Kwetu lawama hiyo haina uzito, maana riwaya imetoka kwenye neno la Kiarabu la kusimulia na kupokezana habari. Hadithi fupi tano za Carroll zinaenea ndani yake bila kubanwa.

Sasa tuje kwenye giza, maana ndiko kwenye mgogoro.

Anayesema "riwaya ya giza" ametafsiri neno kwa neno, na sikio la Mswahili linasikia kitu kingine. Mambo yakiwa giza kwetu, hayaeleweki. Mtu aliye gizani hajui kinachoendelea. Na kanisani, kutoka Mwanza hadi Mombasa, nguvu za giza ni mapepo na ushirikina. Weka "ngano za giza" kwenye jalada, na nusu ya wasomaji watadhani ni kitabu cha uganga, waliobaki watadhani mwandishi hajui alichokuwa akisema. "Ya kutisha" nayo imepunguza. Kutisha ni kazi ya dakika moja. Mlango unagongwa, moyo unaruka, basi. Kurasa za mwisho za Through the Woods zinamwonyesha binti anayevuka msitu usiku akafika nyumbani salama. Anaingia kitandani, ana joto, ana amani. Kisha mbwa mwitu anatokea dirishani. Hakuna damu iliyomwagika. Anachobaki nacho msomaji ni kujua kwamba kuvuka salama leo hakumwondoi mbwa mwitu wa kesho, na kila msichana anayerudi nyumbani peke yake usiku anaijua hali hiyo bila kuhitaji msitu.

Hisia hiyo Kiswahili kinaiita uchungu. Tunasema ukweli mchungu, dawa chungu, uchungu wa mwana. Ni kitu kinachokaa kooni baada ya kumezwa, na mara nyingi kina faida mwilini. Pia ni kinyume halali cha neno ambalo tayari tunalitumia kusifia hadithi, yaani tamu. Ndiyo maana napendekeza ngano chungu.

Faida yake nyingine ni kwamba haidanganyi kuhusu historia. Wanaozitangaza kazi hizi huzieleza kana kwamba waandishi wa leo wamezipaka masizi hadithi zilizokuwa safi. Tazama toleo la kwanza la ndugu Grimm la mwaka 1812. Anayetaka Snow White auawe ni mama yake mzazi; mama wa kambo aliingizwa mwaka 1819, ili heshima ya uzazi isiguswe. Rapunzel anauliza kwa nini nguo zinambana, na msomaji mzima anaelewa kwamba ana mimba. Swali hilo lilifutwa baadaye. Mama wa Hansel na Gretel, anayewatupa wanawe porini kwa njaa, naye aligeuzwa wa kambo katika toleo la 1840. Ukatili kwa waovu, kwa upande mwingine, haukuwasumbua ndugu hao: malkia wa Snow White anacheza hadi kufa ndani ya viatu vya chuma vya moto, na dada za Cinderella wanadonolewa macho na njiwa, jambo lililoongezwa baada ya toleo la kwanza. Huko Ufaransa, Charles Perrault alikuwa amemaliza kisa cha kofia nyekundu mwaka 1697 kwa binti kuliwa. Hakuna mwindaji, hakuna tumbo la kupasuliwa. Ameliwa, na kisa kimekwisha.

Uchungu, basi, ulikuwamo. Waliosafisha walikuja katikati, na watu wa riwaya za picha wamerudi nyuma yao. Kwa sababu hiyo "kusimulia upya" hakunitoshi kama jina la kazi yao. Kila msimulizi husimulia upya. Ndiyo kazi yake. Wanachofanya Carroll na Kerascoët ni kufumua, kama msusi anayefungua nywele zilizosukwa na mwingine, akachana, akasuka mtindo wake kwa nywele zile zile. Ngano iliyofumuliwa: wahusika wale wale, msitu ule ule, ila njia zimepita pengine. Aurore mwenyewe ni jina lililofumuliwa. Kwa Perrault, Aurore ni binti wa yule mrembo aliyelala.

Mswahili hahitaji kwenda mbali kuupata uchungu huu. Mwaka 1870 Edward Steere alichapisha London mkusanyo wa hadithi alizosimuliwa Zanzibar, na humo mna kisa cha Sultani Darai. Ni ndugu wa paka mwenye viatu wa Perrault, lakini paka wetu ni paa. Maskini anayechakura jaani atafute punje za mtama anaokota thumuni, anamnunua paa. Paa anapata almasi, anaipeleka kwa sultani kwa niaba ya bwana wake, ambaye paa mwenyewe amempa jina kubwa la Sultani Darai, anamposea binti wa sultani, anamuua nyoka wa vichwa saba na kumpa bwana wake jumba la nyoka huyo.

Perrault aliishia karibu na hapo: paka akawa bwana mkubwa, akawakimbiza panya kwa kujifurahisha tu. Msimulizi wa Zanzibar akaendelea. Paa anaugua. Anaomba uji, na bwana wake anaamuru apikiwe wa mtama mwekundu, chakula cha hovyo, akikumbusha kwamba mnyama mwenyewe alimnunua kwa thumuni. Mke analia, anambembeleza, hasikilizwi. Paa anakufa, anatupwa kisimani. Baba mkwe anapopata habari anakuja na watu wake, anashuka kisimani, anamtoa paa na kumzika kwa heshima. Kisha usiku mmoja mke anaota yuko kwao, anaamka yuko kwao. Mume anaota yuko jaani, anaamka yuko jaani, anachakura kama kuku.

Hakuna aliyempaka masizi paa huyo. Aliyekisimulia kisa hiki alijua kwamba fadhila za punda ni mateke, akakipeleka hadi mwisho wake. Ukurasa wa yule maskini anayefungua macho juu ya takataka, huku vidole vyake vikiwa vimeshaanza kuchakura, unangoja mchoraji. Hautahitaji kuongezewa kitu.

Ombi langu ni kwa wachapishaji, wafasiri na wenye maduka ya vitabu. Kazi hizi zikifika mikononi mwenu, na zitafika, msiziandike "hadithi za watoto" kwa sababu tu zina picha, wala "za giza" kwa sababu tu jirani amesema hivyo. Andikeni riwaya ya picha; chini yake, ngano chungu; na kama kisa kinatokana na cha zamani, tajeni ni kipi kilichofumuliwa. Umri wa msomaji uwekwe kwa tarakimu, kwenye jalada la mbele, mahali ambapo mzazi ataona kabla hajafungua pochi.