Maisha ya Kila Siku katika Makoloni ya Amerika ya Kaskazini (1607-1776): Shamba, Sheria na Lugha

Tunapoyataja makoloni kumi na matatu ya Waingereza huko Amerika ya Kaskazini, mara nyingi twayataja kana kwamba yalikuwa nchi moja yenye desturi moja. Vitabu vya shule hutuonyesha mhamiaji aliyekimbia mateso ya dini, akajenga nyumba ya mbao, akalima, akasali, na hatimaye, mwaka 1776, akadai uhuru wake. Picha hiyo si ya uongo, lakini ni ya sehemu moja tu. Mtu aliyeamka alfajiri kijijini Massachusetts mwaka 1730, na yule aliyeamka saa ile ile katika shamba la mpunga huko Carolina ya Kusini, walitawaliwa na mfalme mmoja bila kuishi maisha ya namna moja. Makala hii yakusudia kulinganisha maeneo manne, na kuonyesha kwamba tofauti zao zilitokana na zao lililolimwa, na sheria zilizotungwa kulilinda, kuliko tabia ya wahamiaji wenyewe. Kisha tutaiuliza lugha nayo itoe ushahidi wake.

1. New England: kijiji, kanisa na shule

Wapuritani walioingia Massachusetts kwa wingi tangu mwaka 1630 walikuta ardhi yenye mawe na majira marefu ya baridi. Hapakuwa na zao kubwa la kuuza ng'ambo. Kila jamaa ililima mahindi, maharagwe na maboga kwa mikono yake yenyewe. Wengine walivua samaki au kuunda merikebu. Nyumba zilikaa karibu karibu, na jengo lile lile walimosali ndimo walimojadili mambo ya kijiji. Chuo cha Harvard kilianzishwa mwaka 1636, na sheria ya mwaka 1647 ililazimisha kila mji wenye jamaa 50 kuweka mwalimu wa kusoma na kuandika, ili watoto waweze kujisomea Biblia. Baridi ilipunguza homa, hata wazee wengi walifikia kuwaona wajukuu wao.

Hata hivyo, tusidhani kwamba eneo hilo lilikuwa safi. Sheria za Massachusetts za mwaka 1641 ziliruhusu utumwa wa mateka na wa wageni waliouzwa. Merikebu za Newport zilikwenda pwani za Afrika kununua watu. Na vita vya miaka 1675-1676 vilivunja nguvu za Wampanoag, wenyeji wa nchi.

2. Makoloni ya katikati: ngano na mchanganyiko wa watu

New York ilikuwa mali ya Waholanzi hadi mwaka 1664. Pennsylvania ilipewa William Penn mwaka 1681, naye akawafungulia mlango Wakweka wenzake, Wajerumani na wengineo. Udongo ulikuwa mzuri. Ngano ilisagwa vinuni, na unga ukapitia Philadelphia kwenda visiwa vya Karibi. Mkulima aliweza kusikia lugha tatu sokoni kwa siku moja. Huko Germantown, mwaka 1688, watu wanne walitia sahihi barua ya kupinga utumwa. Lakini Wakweka wa Philadelphia walingoja hadi mwaka 1776 ndipo walipowakataza waumini wao kumiliki watumwa.

3. Virginia na Maryland: tumbaku

Tumbaku huchosha ardhi upesi. Kwa hiyo kila tajiri alitaka mashamba mapya kando ya mito. Nyumba zikatawanyika, miji ikakosekana, na shule zikawa chache. Kazi ilifanywa kwanza na watumishi maskini kutoka Uingereza, waliofungwa kwa mkataba wa miaka minne hadi saba. Wengi walikufa kwa homa kabla ya kuumaliza. Mwaka 1619 waliletwa Waafrika zaidi ya 20, waliotekwa Angola. Sheria ya mwaka 1662 ilitamka kwamba mtoto hufuata hali ya mama yake: tumbo la mtumwa likawa ghala la bwana. Baada ya uasi wa Nathaniel Bacon mwaka 1676, matajiri walizidi kutegemea watumwa, nao wakafanya kazi kwa makundi toka mapambazuko hadi machweo, chini ya msimamizi ambaye kwetu angeitwa kapita.

4. Carolina ya Kusini: mpunga

Hapa palikuwa na mabwawa, mbu na joto. Tangu mwaka 1708 hivi, watu weusi walikuwa wengi kuliko weupe, na majira ya homa yalipofika mabwana wengi waliyakimbia mashamba. Mtumwa alipimiwa kazi ya siku, kwa kawaida robo ya ekari. Aliyeimaliza aliweza kulima bustani yake.

Tarehe 9 Septemba 1739, watumwa kama 20 walitwaa bunduki karibu na mto Stono, wakaelekea Florida, ambako Wahispania waliahidi uhuru. Wengine wakajiunga nao njiani, lakini wakashindwa. Mwanahistoria John Thornton alionyesha mwaka 1991 kwamba viongozi wao, walioitwa Waangola, yaelekea walitoka ufalme wa Kongo, ulioujua Ukristo tangu mwaka 1491. Sheria ya mwaka 1740 ikajibu: kumfundisha mtumwa kuandika ni kosa, na kupiga ngoma ni marufuku. Sheria hiyo hiyo iliweka kikomo cha kazi: saa 15 kwa siku wakati wa joto, na 14 wakati wa baridi. Hicho ndicho kilichoitwa huruma.

5. Ushahidi wa lugha

Pale Waafrika walipokuwa wachache, wametawanyika katika nyumba za mabwana, lugha zao zilizimika. Pale walipokuwa wengi na kukaa peke yao, ilizaliwa lugha mpya, Gullah. Wataalamu wengi waliidharau, wakiiona kama Kiingereza kilichoharibika, mpaka Lorenzo Dow Turner, mwanaisimu Mmarekani mweusi, alipochapisha utafiti wake mwaka 1949 na kuonyesha maelfu ya maneno na majina ya asili ya Kiafrika. Hata nje ya Gullah, Wamarekani wa kusini huziita karanga "goober", na hilo ni neno nguba la Kikongo, moja ya lugha zetu nne za taifa.

Hitimisho

Basi, ukitaka kujua mtu aliishije katika makoloni hayo, usiulize tu babu zake walitoka wapi. Uliza alilima nini, kwa faida ya nani, na chini ya sheria gani. Nasi wanafunzi wa lugha za Kibantu tusijione wageni katika historia hiyo. Waliokatazwa kuandika hawakutuachia vitabu, lakini walituachia maneno. Kuyasoma ni kazi yetu.