Hiari Yashinda Utumwa: Chale wa Kujitolea katika Magwaride ya Sikukuu Amerika ya Kaskazini

Wahenga walisema hiari yashinda utumwa. Methali hii hunijia kila ninaposoma habari za chale, yaani wachekeshaji wenye pua nyekundu na nyuso zilizopakwa rangi, wanaotembea bila malipo katika magwaride ya sikukuu huko Marekani na Kanada. Msomaji anaweza kuniuliza: mwanafunzi wa Uganda anatafuta nini kwa chale wa New York? Jibu langu ni neno moja tu, kujitolea. Wenzetu wengi waliohitimu wanafundisha au kufanya kazi ofisini "kwa kujitolea" huku wakisubiri ajira, na si rahisi kuonyesha mahali hiari inapoishia na ulazima unapoanzia. Naamini historia ya chale hawa inaweza kutusaidia kuuona mpaka huo.

Gwaride linalojulikana zaidi ni la duka la Macy's. Lilifanyika kwa mara ya kwanza tarehe 27 Novemba 1924, Sikukuu ya Shukrani, ingawa wenyewe waliliita gwaride la Krismasi. Waandamanaji wengi walikuwa wafanyakazi wa duka hilo. Walivaa mavazi ya chale, ya wachunga ng'ombe na ya askari wa kale, wakatembea kutoka Harlem hadi dukani kwao katika Mtaa wa 34, pamoja na wanyama walioazimwa kutoka bustani ya wanyama ya Central Park. Nyuma ya wote alikuja Baba Krismasi. Lengo lilikuwa wazi: kufungua msimu wa manunuzi.

Hata hivyo, duka halikubuni desturi ya kujigeuza sura siku hiyo. Kabla ya hapo, watoto wa New York walikuwa wakivaa matambara na vinyago siku ya Shukrani, wakizunguka mitaani kuomba senti na matunda. Mfanyabiashara aliikuta sherehe ya mtaani, akaipa njia, saa na jina la duka lake. Mwaka 1927 maputo makubwa yalianza kuchukua nafasi ya wanyama, na haja ya watu ikaongezeka, maana puto kubwa haliendi bila mikono mingi ya kushika kamba. Kuanzia 1942 hadi 1944 gwaride lilisimama kwa sababu ya vita, na mpira wa maputo ukatolewa kwa serikali. Liliporudi mwaka 1945, watu walirudi nalo.

Mpaka leo chale wa Macy's ni watu wa kujitolea: wafanyakazi, jamaa zao na marafiki zao. Hupewa mafunzo mafupi ya kutembea, kuigiza bila maneno na kumkaribia mtoto bila kumtisha. Kazi yao ni kuziba nafasi kati ya puto na puto ili watazamaji wasichoke. Hapa ndipo swali linapozuka. Je, mfanyakazi anayelitangaza duka la mwajiri wake bila ujira anajitolea, au anatumika? Wapo watakaosema anatumika, na hoja yao ina uzito. Faida inakwenda kwa mwenye duka, na si kila mtu huona wepesi kumwambia bosi "hapana".

Mimi nadhani jibu linapatikana pale mwenye duka anapoondoka. Historia inatupa mifano miwili. Huko Toronto, kampuni ya Eaton's ilikuwa imeendesha gwaride la Baba Krismasi tangu 1905. Mwaka 1982 ilitangaza kwamba inajitoa. Huko Detroit, duka la Hudson's, lililoanza gwaride lake mwaka 1924 kwa kuiga lile la Toronto, nalo liliacha kulisimamia kufikia mwisho wa miaka ya 1970. Kama magwaride haya yangekuwa tangazo la biashara tu, yangekufa pamoja na bajeti ya tangazo. Hayakufa. Mojawapo ya njia zilizoyasaidia ni chale. Katika miji yote miwili, wakuu wa kampuni na watu mashuhuri walianza kuchanga fedha ili wapate nafasi ya kuvaa pua nyekundu. Detroit mchango ulikuwa dola 1,000. Mfanyakazi wa 1924 alitembea kwa ajili ya duka. Tajiri wa miaka ya 1980 alilipa ili achekwe na watoto.

Sisemi kwamba hiari ya tajiri ni safi kuliko ya mfanyakazi. Tajiri naye hupata sifa, na dola 1,000 si za kila mtu. Ninachosema ni kwamba kujitolea hakupimwi kwa kukosekana kwa mshahara. Kunapimwa kwa maswali mawili: je, mtu anaweza kukataa bila kuadhibiwa? Na je, kazi ile ni yake kiasi kwamba angeiendeleza hata aliyemwita akiondoka? Watu wa Toronto na Detroit walijibu swali la pili kwa vitendo. Mhitimu anayefundisha mwaka wa tatu bila ujira, akiogopa kuacha asije akapoteza nafasi ya kuajiriwa, bado hajapewa nafasi ya kujibu hata la kwanza. Tukiendelea kuyaita yote mawili "kujitolea", tutakuwa tumeinyima methali yetu maana yake.