Mugumo wa Thika: Dini ya Kale Ilivyogeuzwa Uchawi

Kabla ya misheni na reli, Wakikuyu wa pande za Thika na Ruiru walimwomba Ngai, Mungu wao, chini ya mti wa mugumo. Ukame ulipozidi, wazee walichinja mwanakondoo hapo, wakageukia Kirinyaga, yaani Mlima Kenya, na kuomba mvua. Mti huo haukukatwa, na hata matawi yake hayakuokotwa kuni.

Katika jamii hiyo mundu mugo alikuwa mganga na mwaguzi. Alitembea na mwano, kibuyu cha mbegu alizozihesabu ili kujua chanzo cha ugonjwa, kisha akamtapisha mgonjwa uovu wake. Adui yake alikuwa murogi, mchawi, aliyeua kwa sumu na kwa siri. Hakuna Mkikuyu aliyewachanganya wawili hao. Mmoja aliitwa nyumbani mchana kweupe na kulipwa mbuzi; mwingine, akithibitika, aliuawa.

Mundu mugo anayekumbukwa zaidi ni Mugo wa Kibiru. Masimulizi yanasema alitabiri wageni wenye mavazi kama mabawa ya kipepeo, na nyoka wa chuma atakayepita nchini. Reli ilifika Thika mwaka 1913. Alisema pia kwamba mugumo wa Thika ungeanguka utawala wa wageni ukikoma. Inasimuliwa kuwa wakoloni waliukaza kwa chuma usianguke, lakini radi ikaupasua, ukaanguka mwaka 1963, mwaka wa Uhuru. Mahali pake leo ni bustani ya Mugumo Gardens.

Mtu wa namna hiyo ndiye aliyekuja kuwekwa kundi moja na murogi. Misheni zilifundisha kwamba tambiko na uaguzi ni kazi za shetani. Serikali ya kikoloni nayo, katika sheria ya uchawi ya 1925, ikatumia neno la Kiingereza linalowafunga mganga na mchawi pamoja. Jomo Kenyatta, ambaye babu yake alikuwa mundu mugo, alijibu mwaka 1938 katika kitabu chake Facing Mount Kenya, akieleza dini, uganga na uchawi kila kimoja kwa nafasi yake.

Ulaya ilikuwa imepita njia hiyo. Katika karne ya 8 mmisionari Boniface aliukata mwaloni mtakatifu wa Wajerumani. Karne nyingi baadaye, watu kati ya 40,000 na 60,000 waliuawa kwa tuhuma za uchawi. Mwaka 1921 mwanazuoni Margaret Murray alidai kwamba hao walikuwa waumini wa dini ya kale iliyojificha. Kumbukumbu za mahakama zinamkanusha: wengi walikuwa Wakristo wa kawaida vijijini. Kosa lake ni ndugu wa kosa la wamisionari. Pande zote mbili ziliona dini ya mababu na uchawi kuwa kitu kimoja.

Uingereza ilifuta sheria yake ya uchawi mwaka 1951. Ile iliyoiachia Kenya ingali katika sheria za nchi, Sura ya 67.